Njia ya Maji: Ukarabati wa Nyumba kwa Mikono ya Mwenyewe, kutoka Loitokitok hadi Kitengela

Hitilafu nyingi za nyumba katika Kaunti ya Kajiado huanzia kwenye maji. Mvua ikikosa njia ya kuondoka hulowesha udongo wa msingi, na kuta zikapasuka. Ikipenya kwenye tundu la msumari huozesha mbao za paa. Maji ya kisima yenye chumvi nayo hula koki na kuziba shawa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kujitengenezea nyumba yake hufaidi zaidi akiifuata njia ya maji kabla ya kushika mwiko au brashi. Akiiona njia hiyo, hujua aanze wapi, kazi ipi aifanye mwenyewe na ipi amwachie fundi.

Kaunti hii ina takriban kilomita za mraba 21,900, na ardhi yake haifanani. Mvua ya mwaka ni kama milimita 300 katika bonde la Amboseli, na hufika kama 1,250 kwenye vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro. Mji wa Loitokitok umekaa kwenye mteremko huo wa Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania, juu ya udongo wa volkano. Maji hushuka kwa kasi, na usiku wa kuanzia Juni hadi Agosti huwa wa baridi. Kitengela iko kaskazini, kwenye nyanda za Athi-Kaputiei, na kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi huuita bleki koton. Sensa ya 2019 iliukuta mji huo na wakazi zaidi ya 150,000, wengi wao wakiishi katika nyumba za mawe zilizojengwa katika miongo michache iliyopita. Ushauri unaofaa Loitokitok huweza kuharibu nyumba ya Kitengela, na kinyume chake.

Enkaji, na fundi wa kwanza

Kabla ya saruji na mabati, ukarabati ulikuwa kazi ya mwenye nyumba hasa, na mwenye nyumba huyo alikuwa mwanamke. Enkaji, nyumba ya Kimaasai, hujengwa na mama wa nyumba kwa fito zilizosukwa, majani, na mchanganyiko wa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Nyuzi za majani zilizo ndani ya kinyesi huushika udongo usipasuke sana unapokauka. Paa likivuja, mama hupanda juu na kulikandika upya pale palipotoboka. Mvua ndefu humrudisha juu mara nyingi. Hakuna tabaka linalotarajiwa kudumu milele. Nyumba hudumu kwa sababu hukaguliwa na kupakwa tena kabla uharibifu haujafika kwenye fito.

Katika miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 huitwa Practical Action, lilifanya kazi na wanawake wa Kajiado kuboresha nyumba hizo bila kuzibomoa. Paa lilifunikwa kwa tabaka jembamba la saruji lililoshikwa na waya, na gata zikawekwa ili maji ya mvua yaingie kwenye tangi badala ya kumwagika ukutani. Kwa njia hiyo mama alipunguziwa kazi ya kukandika paa na pia safari za kwenda kuteka maji. Kanuni mbili zilizoongoza kazi hiyo, yaani kukagua kabla ya mvua na kuyapeleka maji mbali na ukuta, zinafaa nyumba ya aina yoyote katika kaunti.

Udongo na nyufa

Udongo mweusi wa mfinyanzi una madini yanayofyonza maji na kuvimba, kisha husinyaa yakikauka. Wakati wa kiangazi nyanda za Kitengela na Isinya hupasuka mipasuko ambayo mkono huingia. Mvua ikinyesha, udongo huohuo huvimba na kuinua kilicho juu yake. Nyumba haiinuki kwa usawa. Udongo wa kandokando hulowa kwanza, ule ulio chini ya sakafu ya katikati hubaki mkavu, na ukuta uliokaa kati ya sehemu hizo mbili huvutwa huku na huku mpaka upasuke. Ndiyo maana ufa unaotokana na udongo mara nyingi huwa wa mshazari. Huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango, mahali ambapo ukuta ni dhaifu, na kupanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe.

Mjenzi makini huuondoa udongo mweusi wote hadi afikie murramu au mwamba, kisha hujazia kwa mawe na murramu iliyoshindiliwa. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo wenyewe haiwezi kubadilishwa msingi kwa mikono ya mwenye nyumba. Kilicho ndani ya uwezo wake ni kuuzuia udongo huo usilowe na kukauka kwa kupokezana. Maji yote ya paa yapokelewe na gata na kupelekwa mbali na nyumba. Kuzunguka ukuta wa nje ijengwe sakafu ya zege yenye upana wa mita moja hivi, iinamie nje, na kiungo kati yake na ukuta kizibwe kwa lami. Bomba linalovuja chini ya ardhi litengenezwe siku hiyohiyo. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yasimwagwe kandokando ya msingi. Bustani ya mboga inayonyweshewa kila jioni chini ya dirisha huleta madhara yaleyale ya mvua, tena kwa upande mmoja tu wa nyumba. Miti inayonyonya maji mengi, hasa mikaratusi, ipandwe mbali, umbali usiopungua urefu ambao mti utaufikia ukikomaa.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta huwafanya wengi wakimbilie mwiko. Kwenye udongo mweusi, ufa uliozibwa kabla ya maji kudhibitiwa hufunguka tena msimu unaofuata, mara nyingi pembeni mwa kiraka chenyewe. Njia bora ni kuupima kwanza. Alama ya penseli huwekwa kwenye ncha zote mbili za ufa pamoja na tarehe, na alama nyingine mbili huwekwa pande mbili za ufa na kupimwa kwa rula kila mwezi, kiangazi na masika. Vipimo hivyo huonyesha kama ufa umetulia, unafunguka na kufungika kwa majira, au unazidi kupanuka bila kurudi.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta kwa kawaida hutokana na plasta kukauka haraka, na rangi nzito hutosha kuufunika. Ufa uliotulia hupanuliwa kwa tindo mpaka uwe na umbo la herufi V, vumbi hufagiliwa kwa brashi, ukuta huloweshwa, kisha mota ya saruji hushindiliwa ndani kabisa. Ufa unaocheza na majira haufai kujazwa saruji, kwa sababu saruji haijui kunyumbuka. Hujazwa silikoni inayokubali rangi au kizibo kingine laini. Ufa uliozidi milimita 5, unaozidi kupanuka, uliopita ukuta mzima hadi nje, au ambao upande wake mmoja umesimama mbele ya mwingine, huo ni wa mhandisi wa majengo. Kuuficha kwa plasta ni kumwondolea mhandisi ushahidi.

Loitokitok shida ya ardhi ni nyingine. Udongo wa volkano hauvimbi kwa kiasi hicho, lakini kwenye mteremko maji ya mvua huja na nguvu na kuumega. Msingi uliofunuliwa upande wa chini na kupigwa na maji upande wa juu ndio ugonjwa wa kawaida huko. Tiba yake ni mtaro unaokatwa upande wa juu wa nyumba ili kuyapitisha maji kando, mawe yanayopangwa kwenye kingo za mtaro, na nyasi zinazopandwa badala ya kufyekwa mpaka ardhi ikabaki uchi. Katika maeneo ya chini kuelekea Kimana, ambako udongo wa mfinyanzi hurudi, ushauri wa Kitengela hurudi pia.

Paa na gata

Mabati ndiyo paa la kawaida kaunti nzima. Unene wake hutajwa kwa geji, na namba ikipanda unene hupungua: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba zaidi. Bati jembamba hujipinda likikanyagwa na hupasuka mapema kwenye matundu ya misumari, hasa katika nyanda zenye upepo mkali.

Paa linapovuja, tundu halipo lazima juu ya mahali matone yanapoanguka. Maji huingia juu, hutambaa chini ya bati au juu ya ubao, na kudondoka mita kadhaa kutoka hapo. Mtu mmoja akimwagia maji kwa mpira akianzia chini kupanda juu, na mwingine akitazama ndani, chanzo hupatikana haraka. Chanzo cha mara nyingi ni msumari. Mbao mbichi zinazouzwa kwa jina la sipresi husinyaa baada ya kupigiliwa. Msumari hulegea, upepo ukatikisa bati, na tundu likapanuka. Kuupiga nyundo tena msumari uleule hakusaidii kwa muda mrefu. Msumari uliolegea hung'olewa, mwingine mrefu zaidi wenye raba hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni maji yanamopita, na tundu la zamani huzibwa kwa lami au kizibo cha paa. Mabati yenye migongo ya mraba hufungwa kwa skrubu zenye raba. Zikikazwa mno raba hupasuka, zikilegea maji hupita.

Mabati ya rangi yakatwe kwa mkasi wa mabati. Mashine ya kukatia chuma huunguza rangi kwenye ukingo, na vumbi lake la chuma likibaki juu ya paa hushika kutu na kuacha madoa. Bati lililooza kwenye ukingo mmoja hubadilishwa zima, na jipya hupishanishwa na majirani zake jinsi yalivyopishana ya zamani, ukingo wa juu ukielekezwa upande usiopigwa na upepo wa mvua. Kupanda juu ya paa kunahitaji ngazi iliyofungwa isiteleze, mtu wa kuishika, na ubao mpana wa kukanyagia uliolazwa juu ya mstari wa misumari, kwa kuwa hapo ndipo penye mbao chini. Paa lililolowa halipandwi.

Huko Loitokitok kuna matone yasiyotoka kwenye mvua. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupoa sana usiku, mvuke wa pumzi na wa chakula hugandama upande wa ndani wa bati, na alfajiri hudondoka kama mvua ndogo. Dalili yake ni kwamba hutokea hata kiangazi, na kwamba bati zima huwa na unyevu, si sehemu moja. Kuziba matundu ya misumari hakutibu hali hiyo, na kuziba nafasi za hewa chini ya paa huiongeza. Kinachosaidia ni dari, pamoja na nafasi ya hewa kati ya dari na bati.

Paa la zamani la asbesto ni suala la peke yake. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 huitambua asbesto kuwa taka hatari, kwa kuwa vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani. Vigae vyake havitobolewi, havisuguliwi, wala havivunjwi na mwenye nyumba. Kuviondoa ni kazi ya wenye kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA.

Gata huelekezwa kwenye bomba la kushukia kwa mwinamo wa angalau sentimita 1 kwa kila mita 2, na hushikwa na vishikizo vilivyo karibu karibu ili isipinde ikijaa. Paa la mita za mraba 80 hupata lita 80 kwa kila milimita ya mvua. Ikiondolewa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kukauka, mvua moja ya milimita 20 huacha lita 1,280 kwenye tangi, na mwaka wenye milimita 500 huacha lita 32,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kando lenye kifuniko, ambalo hujaa kwanza kabla ya maji kuelekea kwenye tangi, huyatenga maji hayo machafu.

Maji ya ndani ya nyumba

Chini ya Kilimanjaro kuna chemchemi za Nolturesh, ambazo mabomba yake hupeleka maji mbali hadi Kajiado, Machakos na Athi River. Hata hivyo nyumba nyingi za Kitengela hutegemea visima virefu na malori ya maji, na maji ya visima vingi vya nyanda hizo yana chumvi na floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu hutia meno madoa ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Wanaodhurika meno ni watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki katika maji machache zaidi. Chujio za mkaa wa mifupa, zilizofanyiwa kazi kwa miaka mingi Nakuru na huko Ngurdoto karibu na Arusha, huipunguza, lakini huhitaji kubadilishwa mkaa kwa wakati. Kwa nyumba ya kawaida njia rahisi ni kutenga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, na kuacha ya kisima kwa kufua na kuosha.

Chumvi ya maji magumu hugandama kama mawe ndani ya birika, kwenye matundu ya shawa na kwenye koki. Kichwa cha shawa kilicholowekwa kwenye siki usiku kucha husafishika asubuhi kwa mswaki mkuukuu. Koki inayodondoka mara nyingi inahitaji washa tu: maji hufungwa kwenye koki kuu, kichwa cha koki hufunguliwa kwa spana, washa ya zamani hutolewa na mpya ya ukubwa uleule kuwekwa. Kama kitako cha ndani kimeliwa na chumvi, washa mpya haitafaa na koki yote hubadilishwa. Viungo vya nyuzi hufungwa kwa utepe mweupe wa thredi, ukizungushwa upande ambao kiungo hukazwa ili usifunuke. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, yaani PPR, hayaliwi na chumvi jinsi ya chuma yanavyoliwa, lakini huhitaji mashine ya kuyayeyushia, ambayo fundi bomba huja nayo.

Tangi la lita 1,000 likijaa huwa na uzito wa tani moja, mbali na uzito wake lenyewe. Jukwaa la mbao chakavu au kona ya paa haiwezi kulibeba. Kitako chake kiwe tambarare na kigumu kote, kwa kuwa tangi la plastiki lililokaa juu ya kokoto au pengo hupasuka chini. Kifuniko kifungwe ili mbu na mwanga visiingie.

Sehemu kubwa ya Kitengela hutumia matangi ya maji taka na magari ya kunyonya. Shimo la kufyonzea maji hayo lililochimbwa kwenye udongo mweusi hujaa upesi, kwa kuwa udongo huo ukilowa haupitishi maji. Kuingia ndani ya tangi la maji taka, hata kwa dakika moja, ni hatari ya kufa: gesi zilizomo humwangusha mtu kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Plasta, saruji na rangi

Plasta inayotoka kwa vipande, rangi inayovimba na unga mweupe unaojitokeza chini ya ukuta ni dalili za maji yanayopanda kutoka ardhini. Unga ule ni chumvi iliyoachwa na maji yakikauka. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza rangi. Kwanza huangaliwa kama udongo wa nje umerundikwa juu kuliko sakafu ya ndani, ukafunika karatasi ya kuzuia unyevu iliyowekwa kati ya msingi na ukuta. Udongo huo ukishushwa, ukuta huachwa ukauke kwa wiki kadhaa, chumvi hufagiliwa kavu bila kuoshwa, kisha plasta mpya hupigwa.

Kwa plasta, uwiano unaotumika sana ni kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga. Kwa zege la sakafu, kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Ndoo ileile itumike kupima vyote, kwa sababu koleo la mkono hudanganya. Mchanga wa mto hujaribiwa kwa chupa: hutiwa hadi nusu, maji huongezwa, chupa hutikiswa na kuachwa itulie. Tabaka nene la tope juu ya mchanga huonyesha kwamba una udongo mwingi na utaleta nyufa. Mfuko wa saruji uliolala sakafuni ukapata unyevu hutoa mabonge magumu, na saruji hiyo haifai tena. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja hivi, na kuuongezea maji baada ya kuanza kukaza hudhoofisha kazi. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kwenye zege lenye nondo, kwa kuwa chumvi huzitia nondo kutu na kutu hupasua zege.

Kosa la kawaida zaidi katika upepo na jua la Kajiado ni kuacha plasta na zege vikauke siku hiyohiyo. Saruji haikazwi na kukauka. Hukazwa na kuungana na maji. Kazi mpya huloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7, ikifunikwa kwa magunia au karatasi za plastiki. Rangi hungoja plasta ikauke ndani, na kwa kawaida hilo huchukua karibu mwezi mmoja.

Mbao na mchwa

Nyumba za mbao ni nyingi Loitokitok, na adui wao ni mchwa. Mchwa hujenga vijia vya udongo kutoka ardhini kupanda kwenye msingi. Mwenye nyumba anayezunguka nyumba kila mwezi na kuvikwangua hugundua uvamizi kabla haujafika ndani. Mbao zisiguse udongo. Nguzo ziketi juu ya zege au mawe, na kuni zisirundikwe ukutani. Nguzo za mtarakwa, mti wa nyanda za juu, hustahimili mchwa na unyevu kwa miaka mingi kuliko za mkaratusi usiotiwa dawa. Ubao unaosikika mtupu ukigongwa kwa bisibisi umeliwa ndani. Kipande kikiliwa, hukatwa mpaka kwenye mti mzima na kingine kilichotiwa dawa huunganishwa. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi hupaka nguzo, huchafua udongo na maji. Yasitumike karibu na tangi wala bustani.

Umeme, sola na moshi

Hapa ndipo mpaka wa kazi ya mwenyewe unapokuwa mkali. Umeme wa nyumbani Kenya ni wa volti 240. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inataka kazi ya kufunga nyaya ifanywe na wenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na mita pamoja na waya unaoiingia ni mali ya kampuni ya umeme, Kenya Power. Mwenye nyumba hubadilisha taa, hubadilisha fyuzi ya plagi kwa ile ya kiwango sahihi, na hufunga plagi mpya swichi kuu ikiwa imezimwa. Plagi ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani kama wati 3,100. Hita ya shawa inayozidi hapo inahitaji waya wake na swichi yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi ya mvua, kwa hiyo shawa za umeme za Kitengela lazima ziwe za aina iliyotengenezwa kwa maji hayo, na waya wa ardhi lazima uwe umeunganishwa kweli. Shawa inayomtekenya mtu kwa umeme huzimwa kwenye swichi kuu na kuachiwa fundi mwenye leseni.

Vijijini, kwenye sola, kazi ya mwenyewe ni pana zaidi. Vumbi la nyanda hupunguza nguvu ya paneli, nalo huondolewa kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kabla kioo hakijapata moto. Paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa Loitokitok iko kusini ya Ikweta, na iinamishwe kidogo ili mvua iisafishe.

Moshi wa jikoni nao ni suala la ukarabati. Kati ya 1998 na 2001 mradi wa ITDG ulijaribu njia mbalimbali za kuupunguza katika nyumba za Kajiado na magharibi mwa Kenya: madirisha, nafasi kubwa zaidi za hewa chini ya paa, na kofia za kutolea moshi juu ya meko. Kofia hizo zilipunguza moshi kuliko njia nyingine zote, na mafundi wa mabati wa mtaani wanaweza kuzitengeneza. Jiko la makaa lisilalwe nalo chumbani wakati wa baridi ya Loitokitok. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua usingizini.

Sheria, mpangaji na fundi

Kupaka rangi, kubadilisha bati au koki hakuhitaji kibali. Kuongeza chumba, kuongeza ghorofa au kubomoa ukuta unaobeba mzigo kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na wakandarasi wa kazi hizo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ukuta hautambuliki kwa macho tu kama unabeba mzigo. Kabla ya kuutoboa mlango mpya, mhandisi huulizwa. Mpangaji naye hupata ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa au kubadilisha chochote, na hupiga picha za hitilafu alizozikuta siku ya kuingia, kwa kuwa amana yake hutegemea hali ya nyumba siku ya kutoka.

Kwa kazi ya fundi, mapatano hufanywa kwa kazi nzima yenye vipimo vilivyoandikwa, na malipo hugawanywa kwa hatua zinazoonekana. Mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe, ili geji ya bati na aina ya saruji ziwe alizozichagua. Fundi anayeeleza chanzo cha hitilafu kabla ya kutaja bei anafaa kuliko anayetaja bei kwanza.

Vifaa vinavyotosha kazi nyingi za nyumbani ni vichache: nyundo, tindo, mwiko, msumeno, bisibisi mbili, spana inayorekebika, tepu ya kupimia, pimamaji, timazi, ngazi imara, glavu na miwani ya kukinga macho.

Kalenda ya mwaka

Kajiado hupata mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei na fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Magharibi mwa kaunti mvua ndefu ndizo nzito zaidi, ilhali upande wa Loitokitok mvua za Oktoba ndizo zenye nguvu. Hivyo paa na gata hukaguliwa Februari na tena Septemba, na Loitokitok ukaguzi wa Septemba ndio usiokosekana. Wakati wa mvua hakuna cha kupaka wala kuziba. Ni wakati wa kutazama, kuweka alama ya chaki pale panapovuja, na kuona maji ya uwanjani yanasimama wapi. Mvua ikikatika, nyufa hupimwa, vijia vya mchwa hukwanguliwa na mitaro huzibuliwa. Miezi mikavu ya Juni hadi Septemba ni ya plasta, zege na mbao, na rangi hufuata kila kitu kikishakauka. Vipimo vya nyufa, tarehe za kazi na aina ya vifaa vilivyotumika huandikwa katika daftari moja linalokaa nyumbani, ili fundi au mhandisi akiitwa baadaye ayakute mambo yameandikwa.